Kuingia kasino na kutoka na nauli yako

Mara ya mwisho kuvunja ahadi niliyojiwekea, sikuivunjia mezani. Niliivunjia kwenye kijia cha kwenda chooni. Mezani nilikuwa nimeinuka vizuri tu: pesa niliyopanga imekwisha, wenzangu nimewaaga, njia nimeishika. Lakini chooni pale huendi bila kupita ATM, na ATM yenyewe ilikuwa imewekwa pembeni, penye mwanga hafifu na zulia laini, kana kwamba mtu alikaa akafikiri: huyu anayetoka amenuna atasimama wapi? Nikasimama. Namba ya siri vidole viliibonyeza vyenyewe. Baada ya dakika nne nilikuwa nimerudi mezani, na saa tisa usiku nikatoka nikienda kwa miguu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaotaka kujizuia huuliza habari za roho: nifanyeje niwe na roho ngumu? Mimi naona ukishakaa mbele ya meza, roho yako haitegemeki tena, hata kama mtaani unajulikana kwa msimamo. Jengo lile limepangwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Basi uamuzi uufanye nyumbani, kichwa kikiwa kimetulia, na ndani ya kasino uende kutekeleza tu. Utaona kwamba sehemu kubwa ya hatua zifuatazo hufanyika kabla hujafika mlangoni.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kama nani

Wanaoingia kasino wako wa namna tatu. Wa kwanza hachezi kabisa: amealikwa chakula cha jioni, amefikia hoteli yenye kasino ghorofa ya chini, au anamsindikiza rafiki. Wa pili anacheza kidogo, kama mtu anayelipa kiingilio cha muziki. Akitoka mikono mitupu, hajapungukiwa na kitu. Wa tatu hafai kuingia. Balaa ni kwamba huyu wa tatu karibu kila mara hujitambulisha kuwa ni wa pili.

Jiulize ukiwa peke yako, maana mbele ya watu tunajidanganya. Umewahi kukopa ili ucheze, au kuchezea pesa iliyokuwa na kazi yake, ya kodi, ya ada, ya dawa? Umewahi kumficha mtu wa nyumbani kiasi ulicholiwa? Umewahi kurudi kesho yake kwa nia moja tu, kuzikomboa za jana? Dau la zamani limekupoea, mpaka ulipandishe ndipo moyo udunde? Ukijibu ndiyo mara moja, simama ufikiri. Ukijibu ndiyo mara mbili au tatu, ziruke hatua zote zilizo hapa katikati, nenda moja kwa moja ya mwisho.

Wala usijitukane. Mwaka 2013 Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuhamisha uraibu wa kamari kutoka kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, kikauweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: zipo dawa za ugonjwa wa Parkinson, zile zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa huamsha hamu ya kamari ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Mzee wenu akianzishiwa dawa hizo, kisha ghafla akawa anaulizia mashine, msimgombeze kwanza. Mpelekeni kwa daktari wake, na dawa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatua ya 2: Piga hesabu mara moja, kisha usibishane nayo

Ruleti ni mchezo wa kubashiri mpira utaangukia namba gani kwenye gurudumu linalozunguka. Gurudumu lenye sifuri moja lina nafasi 37. Ukipatia namba unalipwa 35 kwa 1, na dau lako unarudishiwa. Sasa chukua sarafu 37, weka moja juu ya kila namba. Kushinda utashinda, hilo halina shaka, na mkononi zitarudi 36. Umeshinda na bado umepungukiwa. Ile sarafu moja katika 37, yaani kama 2.7 kwa kila 100, ndiyo ujira wa kasino. Hailetwi na mkosi wala na mkono mbaya wa anayezungusha. Imo ndani ya gurudumu lenyewe. Gurudumu lenye sifuri mbili lina nafasi 38 na malipo ni yale yale, kwa hiyo linameza 5.26 kwa kila 100. Watu hukaa kwenye hilo la pili kwa sababu tu kiti kilikuwa wazi.

Kwenye bakarati, mchezo wa karata wa kubashiri upande upi utashinda, wa benki au wa mchezaji, dau la benki huliwa zaidi kidogo ya 1 kwa kila 100, lakini dau la sare, lile linaloahidi malipo manono, huliwa zaidi ya 14. Kwenye karata za ishirini na moja, mchezo wa kuikaribia jumla hiyo bila kuivuka, soma maandishi yaliyo kwenye kitambaa cha meza kabla hujavuta kiti. Meza inayolipa 3 kwa 2 inakupa 15 kwa dau la 10 ukipata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo; meza ya 6 kwa 5 inakupa 12. Kitambaa ni kile kile cha kijani na anayegawa ana tabasamu lile lile.

Hata hivyo kinachomaliza watu ni mwendo kuliko asilimia. Meza ya ruleti yenye watu huzunguka kama mara 40 kwa saa. Ukiweka dau la 1 kila mara kwenye gurudumu la sifuri moja, kwa wastani saa hiyo imekugharimu 1 na kidogo. Sasa njoo kwenye mashine ya sloti, ile unayobonyeza picha zizunguke. Mtu aliyeizoea hubonyeza mara 600 kwa saa bila kuhisi. Tuseme mashine inabakiza 8 kwa kila 100. Dau lile lile la 1, kwa saa ile ile, limekugharimu 48. Huku umekaa, hujatokwa na jasho, na ukiulizwa utasema ulikuwa unacheza vidogo vidogo tu.

Hesabu hii usiende nayo ukitafuta upenyo. Kazi yake ni moja: usiku utakapojiambia kwamba ukicheza muda mrefu zaidi mambo yatakaa sawa, ukumbuke kwamba muda mrefu uko upande wa kasino.

Hatua ya 3: Zifunge pesa

Ukiniambia nifute hatua zote ibaki moja, nitaacha hii.

Chagua kiasi ukiwa nyumbani. Kipimo changu: chukua zile noti, ziweke mezani, mwambie mtu unayeishi naye, "Hizi leo naenda kuzimaliza." Ukishindwa kuitamka sentensi hiyo, kiasi ni kikubwa. Punguza mpaka itamkike.

Kisha ziende zikiwa noti taslimu, kwenye mfuko mmoja. Nauli ya kurudi ikae mfuko mwingine, na ikiwezekana uilipe kabla. Kadi za benki zibaki nyumbani. Zote, hata ile ya dharura, maana kasino ndipo mahali ambapo kila kitu huonekana dharura. Pesa za kwenye simu ndizo zinazoponyoka: mtu anaacha kadi akijisifu, kumbe akiba nzima iko mfukoni inasubiri tarakimu nne. Kabla ya kutoka, ihamishie kwenye akaunti ya akiba usiyoweza kuigusa kwa simu, au kwa mtu unayemwamini, kwa sharti moja: ukimpigia usiku ule kuziomba, asitume hata ukimlilia. Mimi dada yangu nilimwandikia kabisa: "Nikikupigia baada ya saa tatu nikasema nimepata tatizo, niulize niko wapi." Alicheka. Wiki tatu baadaye nikampigia. "Uko wapi, kaka?" Nikakata simu.

Vilevile waambie wenzako mapema kwamba huazimi wala huazimwi. Rafiki anayekukopesha mezani anaona anakutendea wema, na kesho yake mnakuwa na deni katikati yenu kwa kitu ambacho hakikukaa mkononi mwa yeyote.

Hatua ya 4: Weka saa ya kutoka, na sababu ya kutoka

Saa peke yake haitoshi. "Nitatoka saa nne" ni maneno ambayo ukiwa ndani yatasogezwa kwa robo saa mara sita. Funga saa hiyo na kitu kilicho nje yako: mtu anayekuja kukuchukua, gari uliyoiagiza na kuilipia, miadi na mtu atakayesimama nje akikusubiri kwa hasira. Kwenye kumbi nyingi hutaona saa ya ukutani wala dirisha, kwa hiyo vaa saa ya mkononi na uweke kengele ya simu ya kila nusu saa. Ikilia, inuka kabisa, toka nje upigwe na hewa. Ukibaki umekaa ukaizima kwa kidole gumba, kengele haina kazi.

Nenda umeshiba, umelala, na huna ugomvi na mtu. Siku ya mshahara, siku uliyofiwa, siku uliyogombana nyumbani, usiende. Pombe iache kabisa mpaka umemaliza kucheza, hata ile ya bure. Hiyo ya bure hasa.

Hatua ya 5: Jibu lako liwe fupi

Hii ni kwa yule wa kwanza, asiyetaka kucheza kabisa. Atakayekuponza ni mwenzako wa karibu kuliko mashine. Atakuja na chipu mbili mkononi, vile vidude vinavyochezewa mezani badala ya noti, na mapenzi tele.

"Shemeji, weka basi hata moja."

"Leo mimi mtazamaji."

"Nakupa mimi, wala si yako!"

"Asante shemeji. Mtazamaji."

Usitoe sababu. Ukisema huna pesa, atakupa. Ukisema hujui mchezo, atakufundisha. Ukisema dini, atakutajia anayeswali zaidi yako na anacheza. Sababu ni mlango, kila unayoitoa inajibika. Neno moja linalorudiwa kwa uso mkunjufu huwachosha baada ya mara tatu, na wao wenyewe wana haraka ya kurudi mezani.

Mikono nayo uipe kazi: glasi ya maji, begi la rafiki, chochote. Kaa kwenye viti vya kulia chakula, uupe ukumbi mgongo. Kile kiti kirefu mbele ya mashine usikikalie hata kwa kupumzisha miguu, maana hakuna anayekikalia dakika kumi akaacha kugusa kitu. Na chipu ya zawadi ya kukaribishwa iache pale pale mapokezi. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Hatua ya 6: Ukishaingia, yajue unayofanyiwa

Zile chipu ni pesa. Inaonekana ni jambo la kitoto kulisema, lakini jaribu kuangalia mkono wa mtu anayeweka noti mezani na mkono wa yule yule anayeweka chipu. Noti anaihesabu, anainyoosha, anaiachia kwa shida. Chipu anairusha. Dawa ni kutamka kimoyomoyo thamani yake kila unapoiweka, kwa vitu unavyonunua: huu ni mchele wa wiki, haya ni mafuta ya gari. Itakuudhi, na kuudhika kwenyewe kunasaidia.

Mashine za kisasa hukuruhusu kubeti mistari mingi kwa pamoja. Umeweka 20, mstari mmoja umepata, umelipwa 8. Taa zinawaka, muziki unapanda, sarafu za kwenye kioo zinamwagika. Umepoteza 12 na unapigiwa vigelegele. Ukitaka kuona mchezo ulivyo, usiangalie picha zinazozunguka. Angalia ile namba ndogo ya salio pembeni, na kila mara mashine inaposherehekea, jiulize salio limepanda au limeshuka.

Kuna na ile ya kukosa kidogo. Siku moja alama mbili za saba zilinikalia sawasawa, ya tatu ikasimama nusu kidole chini ya mstari. Nikajipiga paja. Mama mmoja wa usafi alikuwa anapitisha kitambaa kwenye mashine ya jirani.

"Shikamoo mama. Umeona ilivyobaki kidogo?"

"Marahaba, mwanangu." Akatupa jicho kwenye kioo, akaendelea kufuta. "Hata aliyekaa hapo mchana ilimbakia hivyo hivyo."

Alikuwa amesema yote. Matokeo huchaguliwa na programu mara tu unapobonyeza, kwa namba zisizotabirika, na kuzunguka kunakofuata ni maonyesho. Hakuna kukaribia. Lakini watafiti waliopima ubongo wa watu wakicheza waliona kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na kushinda, na huongeza hamu ya kuendelea, ilhali pesa imekwenda vile vile kama umekosa kwa mbali.

Kadi ya uanachama huhesabu unacheza nini, kwa dau gani, kwa muda gani, na chakula au chumba cha bure unachopewa hukatwa kutoka kwenye kile wanachotarajia upoteze. Ukiletewa sahani, ujue umekwisha kuilipia au utailipia. Sikatazi kula. Nakataza kurudi kwa sababu ulikula.

Hatua ya 7: Hamu ikipanda

Itapanda, hata ufanye yote hayo. Utaisikia mwilini kabla ya kichwani: viganja vyenye joto, mate, macho yanayorudi penye meza yenyewe kwa yenyewe. Wengi hukosea hapa kwa kuanza kubishana nayo. Ukibishana umekubali kikao, na hamu ina mawakili wazuri.

Ichukulie kama maji ya bahari, yanajaa na yanapwa. Huyazuii kwa mikono. Unasogea juu kidogo ukasubiri. Toka kwenye ukumbi, na kutoka maana yake ni kuacha kusikia zile kengele. Kunywa maji. Weka robo saa kwenye simu, ujiambie kwamba kabla haijaisha hakuna uamuzi wowote. Kama unaye wa kumpigia, mpigie, na umwambie lile lile: "Niko nje ya kasino, natamani kurudi ndani." Kutamka kunaipunguza nguvu. Mara nyingi robo saa ikiisha maji yameanza kupwa. Yasipopwa, ongeza nyingine, ila isubirie ndani ya gari linaloelekea nyumbani.

Hatua ya 8: Ukiliwa

Hapa ndipo wengi wanapoumia, nami nitakaa hapa kidogo.

Mtu aliyeliwa pesa aliyoipanga hana tatizo bado. Alikuja kuimaliza, imekwisha. Tatizo huzaliwa dakika ile anapoacha kuiita gharama na kuanza kuiita deni, kwamba meza ile ina chake na hatoki mpaka kirudi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu akishajiona yuko kwenye hasara, huwa tayari kubeba hatari ambayo asingeibeba akiwa kwenye faida. Ndiyo maana mtu mwangalifu, anayehesabu chenji dukani, huonekana usiku akiweka dau mara tano ya lile aliloanza nalo. Amechokozwa pale pale anapochokozeka.

Kuna mawazo mawili yatakayokujia, na yote mawili yatavaa nguo za hesabu.

La kwanza: sasa ni zamu yangu. Kwenye ruleti unaweza pia kubeti rangi ya namba, nyekundu au nyeusi, na ukipatia unalipwa sawa na dau lako. Basi unajiambia: nyekundu haijatoka mara nane, lazima itoke. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo huko Monaco, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi zilivyojipanga, ndivyo watu walivyosukumana kumimina pesa kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba haiwezekani iendelee. Iliwezekana, na mamilioni ya faranga yakabaki kwa kasino. Mpira hauna kumbukumbu. Zile bodi zenye taa zinazoonyesha namba zilizopita, unafikiri kasino ingezilipia umeme kama zingekuwa zinasaidia mchezaji?

La pili ni kubeti rangi na kupandisha dau mara mbili kila ukiliwa, ukiamini kwamba ushindi mmoja utafuta yote. Anza na 1. Ukikosa mara saba mfululizo umeshapoteza 127, na sasa unatakiwa kuweka 128 ili ushinde nini? Upate 1. Kwa ruleti ya sifuri moja, kila unapoanza upya, uwezekano wa kukosa mara saba za mwanzo ni kama mara moja katika 106. Yaani utashinda vijisenti usiku baada ya usiku, ujione umegundua siri, mpaka siku itakapochukua vyote kwa mpigo. Na meza ina kikomo cha dau, kimewekwa mahsusi kwa ajili yako.

Basi pesa ya mfuko wa kwanza ikiisha, fanya mambo matatu haraka, bila kukaa chini: simama, sema kwa sauti "nimemaliza", elekea mlangoni kwa njia isiyopita ATM. Choo utakipata kwingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na usiku huo nusu shari ndiyo ushindi uliopo.

Hatua ya 9: Ukishinda

Usifurahi haraka. Aliyeliwa anafukuzwa na mfuko mtupu. Aliyeshinda hana kinachomtoa. Atasema anachezea pesa ya kasino. Ilishakuwa yako tangu ilipokufikia mkononi, ungeweza kwenda nayo sokoni.

Kanuni ninayoifuata: salio likifika mara mbili ya nilichoingia nacho, chipu zote naenda nazo dirishani kubadilisha, mtaji na nusu ya faida vinaingia mfuko wa nauli ambao haufunguliwi, na kilichobaki nakichezea kama nataka. Mara nyingi nikishafika dirishani hamu imekwisha. Kutembea hatua hamsini kunatosha kubadilisha mtu. Na kama ni ushindi mkubwa wa kushangaza, omba ulipwe kwa hundi au uhamisho wa benki ikiwa wanafanya hivyo, kisha uondoke na mwenzako, usizurure kusimulia.

Hatua ya 10: Daftari la asubuhi

Kesho yake, kabla ya chai, andika mstari mmoja: tarehe, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Usiandike maelezo. Kumbukumbu ya mcheza kamari huhifadhi harusi na kusahau misiba, ndiyo maana kila unayemuuliza atakuambia yeye kwa jumla yuko sawa sawa. Baada ya miezi michache jumlisha. Mimi nilijumlisha mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilidhani kikokotoo kimekosea.

Hatua ya 11: Ukiona hatua hazishikiki

Kama umejaribu hayo na bado unajikuta unarudi, acha kutafuta mbinu bora zaidi za kucheza kidogo. Kwako kidogo haipo tena, na kinachofaa ni kufunga mlango kwa nje.

Kasino nyingi, na katika baadhi ya nchi mamlaka za michezo ya kubahatisha, zina utaratibu wa mtu kujizuia mwenyewe: unajaza fomu, unapiga picha, na kwa muda uliouchagua wanatakiwa kukukatalia kuingia na kuacha kukutumia matangazo. Jimbo la Missouri nchini Marekani lilianza mpango wa jimbo zima mwaka 1996, na mingine ikafuata kwingi. Fomu haizuii kila kitu, mtu akiamua atatafuta ukumbi mwingine, lakini inakupa kitu cha kusimama kati yako na ule mguu wa kwanza. Ufanye hivyo hivyo kwa tovuti za kubeti, maana aliyefungiwa mlango wa kasino hupita kwenye simu.

Vikundi vya Gamblers Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha kamari, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957, hukutana katika nchi nyingi na kupitia intaneti. Hakuna ada. Unakaa, unasikiliza watu wakieleza mambo uliyodhani umeyafanya peke yako. Mshauri wa kisaikolojia naye atafaa, hasa anayetumia tiba ya kubadili fikra na mwenendo. Na ikiwa madeni yamekufikisha mahali unawaza kujitoa uhai, usisubiri kesho: nenda hospitali iliyo karibu au mwambie mtu aliye chini ya paa moja nawe sasa hivi. Deni huwa na mpango wa malipo.

Mtu mmoja nyumbani lazima ajue namba halisi. Si "nina madeni kidogo", namba yenyewe, na kwa muda yeye ndiye ashike kadi na akaunti, wewe upewe ya kutumia kwa siku. Inadhalilisha kwa wiki mbili hivi, kisha inageuka mapumziko.

Fomu ya kujizuia nenda ukaijaze asubuhi, ofisi zao zikiwa zimefunguliwa na ukumbi umepoa, na usiende peke yako. Baadhi ya mamlaka huipokea kwa posta au kwenye tovuti, na hiyo ni bora zaidi kwa sababu hukanyagi kabisa zulia lao. Ukiwa huna budi kwenda, mwenzako aingie nawe hadi ofisini, asimame kati yako na ukumbi, na mkitoka abaki na nakala yeye.